Mende wamerudi tena? Tafuta chanzo kabla ya kununua dawa

Mwongozo huu unaanzia pale unapoona mende, si dukani. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, joto la mwaka mzima huwafanya mende wazaane bila msimu wa kupumzika. Ukiua wanaokimbia sakafuni ukaacha waliojibanza nyuma ya friji, baada ya wiki chache hutaona tofauti. Kinachoamua kama utashinda ni mambo mawili: kujua ni mende wa aina gani, na kujua anapata wapi maji, joto na mahali pa kujificha.

Kwanza, ni mende yupi?

Mdogo wa rangi ya kahawia hafifu, urefu wa milimita 12 hadi 15, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni Blattella germanica. Huyu ndiye mende wa jikoni. Haishi porini wala kwenye shimo la choo. Anategemea majengo ya watu. Kwa hiyo ukimwona, ujue aliletwa: kwenye boksi la dukani, trei ya mayai, kreti ya soda, friji ya mtumba, au alipita kwa jirani kupitia tundu la bomba. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 nyuma ya tumbo lake, na hakiachi mpaka karibu na siku ya kuanguliwa. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, toka yai hadi mende anayezaa ni kama miezi miwili.

Mkubwa mwekundu wa kahawia, milimita 35 hadi 50, anayeweza kuruka usiku wa joto, ni Periplaneta americana. Makao yake ni chemba, mitaro, mashimo ya maji taka na vyoo vya shimo. Kifuko chake kina mayai 14 hadi 16 hivi, hukibandika kwenye ufa na kuondoka. Anakua polepole, nusu mwaka au zaidi.

Wa tatu watu humchanganya na wa kwanza: Supella longipalpa, mdogo pia, lakini hana ile mistari miwili ya kichwani, bali ana mikanda hafifu iliyokata mgongo kwa upana. Anapenda pakavu na juu: nyuma ya picha ukutani, darini, ndani ya TV, kwenye kabati la nguo.

Usimtambue kwa kumwona mara moja akikimbia. Nunua karatasi za gundi (hata ile gundi ya panya, ukiipaka nyembamba kwenye kadibodi), weka sita au nane kwa siku tatu: nyuma ya friji, chini ya sinki, kando ya jiko la gesi, nyuma ya choo, chini ya kabati la TV. Ziegemeze kwenye kona ya ukuta na sakafu, kwa kuwa mende hutembea akigusa ukuta. Karatasi iliyojaa vitoto kuliko wakubwa iko jirani kabisa na maficho yao. Andika idadi ya kila karatasi na mahali ilipokuwa, utaihitaji baadaye.

Dalili: ukiwasha taa usiku, wadogo wanatawanyika jikoni

Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni friji, sinki au makabati.

Chukua tochi, vuta friji kutoka ukutani. Nyuma kwa chini, juu ya mota, friji nyingi zina sahani ya plastiki inayopokea maji ya barafu iliyoyeyuka. Hapo pana maji, pana joto la mota, pana giza, na hakuna anayepagusa mwaka mzima. Mende hawahitaji zaidi ya hapo. Angalia pia ndani ya mikunjo ya mpira wa mlango, hasa upande wa chini. Alama zao ni vidoa vyeusi vilivyotapakaa kama pilipili manga iliyosagwa, ngozi walizojivua, na vifuko vitupu vya mayai. Vile vidoa ni kinyesi, na kina harufu inayowaita wenzao, ndiyo maana ufa mmoja hujaa huku wa pembeni yake uko mtupu.

Baada ya friji, pita kwenye bawaba za milango ya makabati, chini ya uso wa sinki, mahali bomba linapoingia ukutani, chini ya jiko la gesi na nyuma ya mikrowevu. Mende mzima wa aina hii anapenya kwenye nafasi ya milimita 5, na vitoto kwenye nafasi ya milimita 1 hivi. Kama kadi ya simu inaingia, kitoto cha mende anaingia.

Sasa kazi yenyewe, na mpangilio una maana yake.

Ondoa maji kwanza. Mende huyu anaweza kukaa mwezi na zaidi bila chakula akiwa na maji, lakini bila maji hamalizi zaidi ya wiki mbili hivi. Tengeneza bomba linalovuja, mwaga na kusugua ile sahani ya friji, na kila usiku kamua sponji, kausha sinki kwa kitambaa, usiache vyombo vimelowekwa. Maji ya mbwa au paka yaondolewe usiku.

Kisha toa mafuta. Vipande vya ugali vilivyodondoka watu huvifagia, lakini ukungu wa mafuta ya kukaangia ulioganda ubavuni mwa jiko na ukutani nyuma yake ni chakula cha wiki nyingi. Sugua kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, acha pakauke. Unga, sukari na mchele vihamie kwenye ndoo au makopo yenye mfuniko wa kubana. Mfuko uliofungwa kwa fundo hauzuii kitu.

Siku inayofuata weka dawa ya jeli, yaani chambo laini chenye sumu ambacho mende hukila. Hapa watu wengi hukosea kipimo. Usiweke madonge makubwa matatu. Weka matone mengi madogo, kila moja ukubwa wa punje ya choroko, 20 hadi 30 kwa jiko la kawaida, ukiyasogeza karibu na pale karatasi za gundi zilipojaa. Yaende kwenye bawaba, kona za ndani za makabati, pembeni ya mota ya friji (friji ikiwa imechomolewa), chini ya ukingo wa sinki. Mende mdogo hatembei mbali kutafuta chakula. Tone likiwa mita mbili kutoka alipo, huenda asilifikie. Mahali pasifikiwe na watoto wala wanyama, na pasiguse chakula.

Jeli inafanya kazi kwa njia ambayo dawa ya kupuliza haiwezi. Aliyekula harudi kufa mbele yako. Anakwenda kufia maskanini. Vitoto vya umri mdogo hawatoki mafichoni, hula kinyesi cha wakubwa, na wenzao hula mizoga. Sumu inawafikia hao kwa mkono wa wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana usifagie mizoga ya nyuma ya friji siku tatu za kwanza.

Kagua baada ya wiki moja na baada ya wiki mbili. Tone lililoliwa, ongeza. Lililokauka, kwangua uweke jipya. Karibu na jiko jeli hukauka haraka. Halafu rudia wiki ya nne hata kama huoni mende, maana vifuko vilivyokuwepo siku ya kwanza vitakuwa vimeshaanguliwa.

Kuziba nyufa kufanyike mwisho, si mwanzo. Ukiziba mapema, unawahamishia ukuta mwingine na jeli inabaki peke yake. Idadi kwenye karatasi ikishuka, jaza tundu za mabomba kwa simenti nyeupe au silikoni, na nyufa kati ya kabati na ukuta kwa silikoni.

Dalili: umepuliza dawa, wakatulia wiki moja, wakarudi na wengine

Sababu ni tatu, na mara nyingi zote ziko pamoja.

Ya kwanza ni usugu. Dawa nyingi za kopo zina viambato vya jamii ya pareto iliyotengenezwa viwandani, ambavyo majina yao kwenye lebo huishia na "thrin". Mende wa jikoni duniani kote wamejenga usugu mkubwa dhidi ya kundi hili. Unamwona anapinduka chali, unaondoka, dakika kadhaa baadaye anageuka na kwenda zake.

Ya pili, dawa hizo huwakera na kuwafukuza. Waliokuwa jikoni wanasambaa hadi vyumbani na kwa majirani. Nyumba iliyokuwa na maficho mawili inabaki na sita.

Ya tatu ni mayai. Ganda la kifuko huyakinga, na jike aliyekufa akiwa amebeba kifuko kilichokaribia kuiva anaweza kuacha vitoto wakitoka salama.

Dawa ya kopo itumie kwa mende aliye mbele ya macho yako na uko na haraka, basi. Kamwe usiipulize mahali palipo na jeli: jeli ikishika harufu ya dawa hiyo, mende hawaigusi, na pesa yako imekwenda.

Dalili: jeli iko pale pale, hawaili

Angalia kwanza kama kuna mabaki ya dawa ya kopo au sabuni ya harufu kali hapo. Kisha angalia kama kuna chakula kingine karibu. Mende aliyeshiba mafuta ya chapati hana haja na tone lako. Kama yote hayo yako sawa na jeli bado ni laini, badilisha jeli.

Sababu ya kubadilisha ina historia. Miaka ya 1990, huko Marekani, wataalamu waligundua makundi ya mende wa jikoni wanaoikataa glukosi, sukari iliyokuwa inatumika kutamanisha jeli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa mende hao glukosi inaamsha vionjo vya uchungu. Hawakujifunza, wamezaliwa hivyo, na watoto wao hurithi. Kwa hiyo usirudie bidhaa ile ile mwaka mzima. Kila baada ya miezi mitatu hivi hamia jeli yenye kiambato tofauti na ya kampuni tofauti, kwa mfano kutoka fipronili kwenda indoksakabu, au kutoka imidakloprido kwenda fipronili. Soma lebo: kubadilisha rangi ya boksi huku kiambato ni kile kile si kubadilisha.

Penye pakavu pasipofikiwa na mtu, asidi ya boriki bado ni silaha nzuri. Inyunyize kama vumbi jepesi linaloonekana kwa shida, nyuma ya makabati na chini ya friji. Ukiweka fungu jeupe, mende hulizunguka. Ikilowa na kuganda haifai tena. Ni sumu ikiliwa, kwa hiyo isiwekwe kwenye rafu za vyombo wala pale mtoto anapotambaa.

Dalili: mkubwa mmoja mmoja anatokea bafuni au chooni, hasa wakati wa masika

Huyu hajazaliana jikoni kwako. Anatoka chini. Mvua zikijaza chemba na mitaro, mende wakubwa wanapanda juu kutafuta pakavu, na mlango wao ni bomba lako. Kupuliza dawa bafuni ni kuua wageni huku mlango uko wazi.

Chini ya sinki na chini ya tundu la sakafuni bafuni kuna kona ya bomba inayobaki na maji. Maji hayo ndiyo kizuizi. Bafu la wageni lisilotumika hukauka ndani ya wiki chache, na harufu ya maji taka ikianza kuingia ujue mende nao wana njia. Mimina lita moja au mbili kila wiki. Ukisafiri muda mrefu, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu ya maji. Yanapunguza kasi ya kukauka. Kama fundi hakuweka kona hiyo kabisa, na nyumba nyingi zimejengwa hivyo, hakuna dawa itakayoziba pengo lake. Mwite fundi bomba aiweke, na kwa sasa funga tundu kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 2, au mfuniko unaofungwa usiku.

Toka nje uangalie chemba. Mfuniko uliopasuka au unaocheza ni geti. Mfuniko ukishakaa vizuri, ziba ukingo wake kwa mchanganyiko wa mchanga mwingi na simenti kidogo, ili siku ya kuzibua ifunguke bila kuvunja mfuniko. Bomba la hewa la choo liwekewe wavu juu. Choo cha shimo kifunikwe kila baada ya kutumika. Chini ya mlango wa nje pachike mpira. Nafasi inayopitisha mwanga inapitisha mende.

Ukiona mdudu mweusi mdogo anayefanana na nyigu, ana tumbo dogo bapa analolipunga juu na chini anapotembea kwenye dirisha la bafuni, muache. Haumi. Hutaga mayai yake ndani ya kifuko cha mayai cha mende mkubwa, na buu lake hula mayai yote. Lakini uwepo wake unakuambia kitu: karibu hapo pana mende wakubwa wanaozaana.

Dalili: wapo kwenye TV, king'amuzi na ruta

Vifaa hivi vina joto mchana na usiku. Kama ni wenye mikanda mgongoni, jikoni hutapata wengi, na ukihangaika na sinki unapoteza muda. Usipulize dawa ya maji ndani ya kifaa, utaunguza sakiti. Chomoa umeme, weka karatasi ya gundi chini na nyuma ya kifaa, na matone ya jeli kwenye kona za kabati la TV, juu ya fremu za milango na nyuma ya picha. Soketi za ukutani zina uwazi nyuma yake unaounganisha vyumba. Kabla ya kufungua kifuniko, zima swichi kuu.

Dalili: unawaona mchana kweupe

Mende wa mchana ni waliokosa nafasi mafichoni, au wanaosukumwa na njaa na kiu. Maana yake idadi ni kubwa sana. Anza kwa kupunguza kwa mikono: kifyonza vumbi kama unacho, mfuko wake ukafungwe kwenye nailoni na kutupwa nje siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo jeli.

Dalili: nyumba safi, mende hawakomi

Usafi unapunguza chakula, hauzibi matundu. Kwenye nyumba za kupanga zenye vyumba vinavyofuatana na dari moja isiyotenganishwa, au maghorofa yenye bomba moja la maji taka, mende wa jirani ni mende wako. Dalili yake ni karatasi za gundi kujaa upande mmoja tu, ule wa ukuta wa pamoja. Hapa wapangaji wakubaliane na mwenye nyumba, dawa iwekwe vyumba vyote wiki moja. Chumba kimoja kikigoma, kitawarudishia wote.

Vinyesi: mende au panya?

Kinyesi cha mende mkubwa kina ncha butu na mistari ubavuni. Cha panya mdogo kina ncha zilizochongoka.

Vitu ambavyo havipaswi kuwa nyumbani

Dawa ya kioevu iliyomiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, inayouzwa mkononi, mara nyingi ni dawa ya shambani. Hujui kiasi wala kiambato, na mtoto akiinywa daktari hatajua anatibu nini. Chaki ya mende nayo inafanana na chaki ya shule, na mtoto ataiokota. Mafuta ya taa kwenye chemba hayaui mayai, yanachafua maji na yanaweza kulipuka moto. Nunua bidhaa iliyosajiliwa: Tanzania tafuta usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, Kenya, wa bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB.

Mende wamekwisha, mtoto bado anabanwa na kifua

Vumbi la kinyesi, mate na ngozi za mende huamsha pumu, na halitoweki wanapokufa. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni nyuma ya friji, ndani ya makabati na juu ya mabomba, ukiwa umevaa barakoa. Usifagie pakavu, utalirusha hewani. Godoro na mapazia yafuliwe au yapigwe jua baada ya kukung'utwa nje.

Ukiita watu wa fumigesheni

Waulize kabla ya kulipa: kiambato ni kipi, watatumia jeli au kupuliza tu, na watarudi lini. Anayeahidi kumaliza mende wa jikoni kwa ziara moja hajazungumzia mayai. Kama hajafungua kabati wala kuvuta friji kabla ya kutaja bei, hajakagua.

Unapohama

Boksi za katoni za dukani ziache. Hamisha vitu kwa ndoo, mabegi na makreti ya plastiki yaliyooshwa. Friji na jiko vikaguliwe kwa tochi nje, kabla havijavuka mlango: toa sahani ya maji, fungua mikunjo ya mpira, piga nyuma kwa kiganja uone kama kuna kinachotoka. Weka karatasi za gundi usiku wa kwanza kwenye nyumba mpya, kabla ya kupanga makabati, na ziache wiki mbili. Zikibaki tupu, panga vyombo.